Kadi Imo Ndani, Kompyuta ya Baba Haiioni

Shangazi Hamdi, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana nimeambiwa kwamba kabla hujaanza kupatanisha watu gazetini ulikuwa fundi wa kompyuta pale Digbeth, na shida yangu nusu ni ya kompyuta na nusu ni ya baba yangu, na sijui nianze na ipi.

Tunakaa Bordesley Green, huku huku ughaibuni, mimi, mdogo wangu Yasir na baba yetu, Mzee Ussi. Baba alikuwa mchora ramani za mashine katika kampuni moja Tyseley, na walipofunga ofisi wakampa kompyuta aliyoizoea, sanduku zee la chuma linaloendeshwa na Unix, mfumo ambao vijana wa nyumba hii hawaujui, na tangu astaafu analitumia kuchora nakshi za kofia, zile kofia zetu za Unguja za kushonwa kwa mkono, anachora, anachapa kwenye karatasi, anawapelekea kina mama wa kwetu wanaozishona, na hakuna nakshi aliyowahi kuirudia, Shangazi, hiyo ndiyo fahari yake.

Basi akaenda Umra, nami nikasema nimsafishie chumba, arudi akute kunanukia, nikafukiza nguo, nikafukiza mapazia, kisha nikaona vumbi kwenye matundu ya kompyuta, nikafungua ubavu wake, nikapangusa, nikaweka chetezo cha udi chini yake moshi uingie vizuri kama tunavyofanya kabatini, na udi wenyewe ulikuwa ule wa mafuta mengi. Baba alirudi, akaketi, akaiwasha. Skrini nyeusi.

Akahangaika siku tatu. Yasir akachomeka waya wa skrini kwenye tundu jingine la nyuma, maandishi yakatokea, lakini programu ya kuchorea inakataa, inasema haioni kadi ya graphics, ile inayotengeneza picha. Mimi nilikuwa sijui lolote, ila udadisi umenikamata, Baba akienda msikitini naketi pale, nimejifunza hata amri ya kuiuliza mashine ina vifaa gani, inanitajia cha sauti, cha mtandao, diski, vyote, kadi haimo kwenye orodha, na mimi nikichungulia naiona kwa macho yangu imo! Kitu kinawezaje kuwamo na kisionekane? Swali hilo nakwenda nalo mpaka kazini.

Yasir anasema, "Da Saleha, it's dead, mnunulie laptop." Lakini Baba hasemi kwamba kompyuta imeharibika, anasema ameiharibu yeye, kwamba kabla ya safari aliandika amri ya makosa akasahau, na akili imeanza kumtoka. "Nimezeeka, mwanangu. Nisije nikaharibu na kofia za watu." Amewapigia kina mama Unguja kuwaambia wasingoje nakshi tena. Sasa hata basi hapandi peke yake. Wiki tano hizi, Shangazi.

Na hili nimeliacha mwisho kwa haya: siku ile niliichomoa hiyo kadi nitoe vumbi nyuma yake, nikairudisha nilivyoona mwenyewe. Baba hajui kama niligusa. Nataka niitengeneze kimyakimya, aikute inafanya kazi, pasiwe na maneno. Nifanyeje?

Saleha


Saleha mwanangu, marahaba.

Lo! Umenizungusha Tyseley na Unguja, kumbe jibu umelikalia. Hilo la mwisho lilitakiwa liwe la kwanza. Mficha uchi hazai.

Nianze na swali lako, maana ni zuri, na wengi waliopita mbele ya meza yangu hawakuwahi kuliuliza. Kompyuta haina macho. Ukiiwasha inaita kila nafasi, na kifaa kinachoitika ndicho inachokiandika. Kadi huitikia kupitia yale meno madogo ya rangi ya dhahabu pembeni mwake. Meno yakipakwa masizi ya udi, au kadi ikikaa upande, inaitwa na haiitiki. Kwa hiyo usihangaike na programu mpya kwa sasa. Mgeni ambaye hajafika mlangoni humpikii chai.

Nakshi za Baba hazikai kwenye kadi, zinakaa kwenye diski, basi futa machozi. Huyo Yasir aache kelele za laptop, azinakili kwanza. Kisha izimeni, chomoeni umeme ukutani, shikeni chuma cha sanduku kabla ya kugusa kingine, umeme wa mwilini usije ukaunguza vifaa. Fungueni skrubu ya kadi, bonyezeni kilimi kinachoibana, ivuteni wima. Sugueni meno taratibu kwa raba nyeupe ya shule, mpeperushe vumbi lake. Irudisheni kwa kuikandamiza sawasawa mpaka kilimi kilie ta, mrudishe na waya wa skrini kwenye kadi, ndipo muulize orodha. Isipotokea, jaribuni nafasi nyingine. Isipotokea tena, imekufa, tafuteni iliyotumika ya namna ileile. Na chetezo kiishie kwenye nguo! Kompyuta na udi wapi na wapi?

Umeona nimesema fungueni, shikeni? Usiifanye peke yako. Hicho kimyakimya chako ndicho kitakachommaliza mzee. Ikiwaka ghafla bila maelezo, atasema nini? Atasema labda aliitengeneza mwenyewe na hilo nalo amelisahau. Utaiponya mashine, umwache baba yako na ugonjwa uliompa wewe. Nimekuonea huruma, najua ulitaka arudi akute kunanukia, lakini wiki tano umemtazama mtu mzima akijitilia shaka, ukanyamaza. Hapo umekosa, tena sana. Unaogopa atakasirika? Mwache akasirike, ana haki yake.

Leo akirudi kutoka msikitini, kabla hujagusa skrubu hata moja, kaa mbele yake umwambie: "Baba, ni mimi. Niliichomoa, nikanyamaza. Wewe hukusahau kitu." Hayo maneno matatu ya mwisho yarudie mpaka uone yamemwingia. Kisha mpe bisibisi mkononi, afungue yeye.