Waya Uliopita Chini ya Ukuta wa Mbao

Mke mwenzangu mpendwa,

Duka nimelifunga sasa hivi, nami nina la kukusimulia. Lakini kwanza tukumbuke tulikotoka, maana waliotujua mwanzo hawaamini.

Unakumbuka mume wetu alivyotufungulia steshenari hii hapa Usagara? Kwa kuogopa kupendelea, aligawa chumba kimoja kwa ukuta wa mbao, kila mke na upande wake, kila mke na kompyuta yake. Yako ya mezani aliinunua hapahapa mjini. Yangu ni laptopu aliyoletewa na kaka yake kutoka Maskati, ya aina nyingine kabisa. Printa ikawa moja, akaiweka kwako kwa kuwa ndiwe mkubwa. Uadilifu wake uliishia hapo, masikini. Mimi nawe tulikuwa hatusemezani, kwa hiyo kazi zangu nilizitia kwenye flashi, nikampa mteja mwenyewe azunguke nayo hadi mlangoni kwako. Mafahali wawili, zizi moja.

Wateja wakachoka, wakaanza kwenda kwa jirani. Ndipo ukaja kwangu umeshika waya wa mtandao, ukasema tuziunganishe. Fundi alikuwa ameshatuambia mashine hizi hazielewani, hukumjali. Ukapitisha waya chini ya ukuta, ukairuhusu printa yako ipokee kazi kutoka kwangu, ukatunga neno la siri ukaninong'oneza. Tulipojaribu, karatasi zilimiminika zimejaa alama zisizosomeka. Ukaniuliza, "Bibi wee, mashine yako yatuandikia hirizi?" Tulicheka pamoja mara ya kwanza tangu niolewe.

Nikabadilisha draiva, ile programu inayoifundisha kompyuta kusema na printa. Nilikusudia kuandika neno lolote la kujaribia, mkono ukaandika: "Shikamoo, Bi Mkubwa." Nikaisikia printa ikiguna upande wa pili. Kisha sauti yako ikapita juu ya mbao: "Marahaba, mwenzangu." Nililia, ila sikukwambia.

Sasa umetangulia mbele ya haki, na kila asubuhi mimi ndiye ninayeiwasha kompyuta yako, maana bila hiyo, yangu haiifikii printa. Nina hamu nawe, Bi Mkubwa, hata na ukali wako.

Leo binti yako Zubeda alikuja kutoka Pongwe kuichukua kompyuta yako. Ni mali ya mama yake, sikuwa na la kumzuia. Ila niliogopa. Waya ule ungechomolewa, mimi na wanao tungebakiwa na nini? Miaka yote hii Zubeda amenisalimu kwa adabu, basi. Hajawahi kuniita mama.

Alipoinama kuchomoa, kazi ya mteja wangu ilikuwa imeshaanza kutoka. Akasubiri iishe, akazipanga karatasi, akampelekea mteja. Akaingia mwingine anataka kadi za maulidi, Zubeda akavuta kiti chako akakaa. Adhuhuri ikatukuta tunafanya kazi, yeye kwako, mimi kwangu. Nilikuwa naogopa hata kukohoa, asije akakumbuka kilichomleta.

Tulipofunga akaniuliza, "Mama mdogo, kesho twafungua saa ngapi?"

Nimemwambia saa mbili. Mungu akutilie nuru kaburini, dada yangu. Pumzika, wanao ninao.

Mdogo wako,
mke mwenzio