Kijino Kwenye Ukingo wa Karatasi

Karakana ya Ushonaji,
Chumba cha nyuma.
Tarehe 14 Agosti

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo huko ulikoolewa? Na yule mkwe wetu mpiga chafya, mafua yamemwachia? Sisi huku miili mizima, roho ndiyo inayougua.

Najua mama yako amekwisha kukuandikia kwamba si mwenyekiti tena wa ushirika wetu. Nadhani hakukuandikia ni nani aliyesimama mbele ya mafundi wote akamng'oa. Ni mimi, mdogo wake, niliyefundishwa na yeye kushika sindano. Soma mpaka mwisho, ndipo unilaani.

Katibu wetu, yule mliyekuwa mkimwita Asali, alinianza kidogo kidogo. Kila nikinywa chai, yupo pembeni. Hakumtukana mama yako hata siku moja. Alimsifu, kisha akashusha pumzi. "Dada yako mtu mzuri, fundi. Ila kiti kimemkolea." Halafu akanisifu mimi, eti sina upendeleo, eti watu wananitazama. Nikavimba kichwa, mtu mzima na mvi zangu!

Kisha nikaanza kukuta vikaratasi kwenye droo ya cherehani yangu. Vitano, kila kimoja na mwandiko wake. "Tunakutegemea." "Mwambie wewe, sisi tunamwogopa." Nikaamini karakana nzima inalia. Siku ya mkutano nikavisoma kwa sauti, nikaomba kura. Mama yako alivitazama mkononi mwangu, akanitazama usoni, akavua tepu yake ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akatoka.

Wiki iliyopita Asali, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alikata orodha ya zamu akaibandika ukutani. Mkasi wake una pengo tangu ulipoanguka. Kila ukikata unaacha kijino kwenye ukingo. Nikakiona kwenye ile orodha. Nikaenda kufungua droo. Vikaratasi vyote vitano vina kijino kile kile. Miaka thelathini nakata nguo, na nilisoma maneno bila kutazama ukingo.

Juzi nikampelekea mama yako. Tuliongea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Vikaratasi hakuvishika.

"Niliuona ule ukingo siku ile ile, kutoka pale nilipokaa," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe uutazame."

Akafunga mlango, taratibu tu.

Nilijaribu kuwaeleza mafundi. Asali ameshaniwahi: anawaambia kwamba aliyemgeuka dada yake atamgeuka yeyote. Wanamwamini. Kwa hilo hata mimi namwamini.

Nisalimie mkwe, na mapacha uwabusu mashavuni. Mungu akulindie nyumba yako, na akuepushe na watu wanaokusifu sana.

Tepu ya mama yako nimeiviringisha, imo ndani ya bahasha hii. Ukija, mpe wewe. Kutoka mkononi mwangu hataipokea.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata usiponijibu.