Muhogo wa Mama Haujafa

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu zangu zikukute hapo Nandagala na mwanao mgongoni. Huku Lionja ukungu hautoki mpaka jua lipande, na shamba la marehemu mama linakuwa kama linaelea. Mama mdogo amenikatia miti ya muhogo wa mama, nije nikupandie. Anasema ni muhogo uleule, haujafa hata siku moja, unahama shamba tu.

Nikamweleza alichotusomea mwalimu wa misheni gazetini: wataalamu wa ng'ambo wametoa kiini ndani ya yai la chura, wakatia kiini cha chura mwingine, na viluwiluwi wakatoka, nakala za huyo chura mwingine. Mwalimu anahofu ipo siku watajaribu kwa watu.

Mama mdogo hakuacha kukata. "Muhogo utaupanda popote, hausemi kitu," akasema. "Mtu atauliza, mimi ni nani?"

Nikabaki nimesimama kwenye ukungu ule, nikawa kama namwona mama kila tuta, na kanga yake ya maua, na hakuna hata mmoja wao aliyenijua.

Zuhura, kumpa mtoto jina la mama ulifanya vyema. Lakini unamnyima ming'oko, vile viazi vya porini, eti kwa sababu somo wake hakuila, na mtoto mwenyewe kila ukiichemsha ananyoosha mkono. Muhogo nitakaokuletea ndio wa mama. Huyo mtoto ni mgeni, bado hatumjui.

Mungu awatunze. Mpakate kwa niaba yangu, na akiitaka ming'oko, mpe.

Kaka yako,
Hamisi