Mashini ya Papa Sebahire

Ntoto, tarehe 4 Februari 2021

Papa mupenzi,

Ninakusalimia sana. Mugongo iko namna gani? Siye huku tuko wazima, biashara ya chumvi inatembea.

Hubert, yule anayeleta vitu na moto, ile pikipiki yake, kutoka Kitchanga, amesema hapa sokoni kwamba Burungu kuko muzee ametengeneza roboti ya kubeba mabomu. Eti inapanda mulima yenyewe. Watu wakashangaa. Mimi najua muzee mumoja tu anayeokota vyuma vya moto zilizokufa. Papa, ni wewe? Wenye bunduki nao wako na masikio.

Binti yako, Kayitesi

Burungu, tarehe 19 Februari

Kayitesi mutoto yangu,

Asante kuniuliza. Mugongo umepoa, na ile mashini njo imeupoza. Ndiyo, ni mimi. Iko na magurudumu ine na telekomande ya kuiongoza toka mbali, inaleta bidoni mbili za maziwa toka malishoni. Bomu sijashika hata moja.

Lakini watu wanafunga mulango ikipita. Jana jirani, Mama Mukashema, alisimama njiani mbele yake. Akaniuliza: "Papa Sebahire, leo inabeba maziwa. Siku wenye bunduki wakikunyang'anya hiyo telekomande, itabeba nini? Na itaingia kwa nani?"

Nikazima telekomande. Nikaisukuma kwa mikono mupaka nyumbani.

Papa yako

Ntoto, tarehe 6 Machi

Papa,

Salamu nyingi. Mama Mukashema amesema haki. Uivunje kabla hawajafika. Unisamehe kukuamuru.

Binti yako

Burungu, tarehe 2 Mei

Kayitesi,

Usinikasirikie kuchelewa kujibu, barabara ilifungwa. Tuko wote, hata kuku.

Sikuivunja. Nilitoa magurudumu, nikachoma telekomande mbele ya watu, nikafunga motere chini kwa simenti. Sasa inasaga mahindi. Wamama wanapanga mustari toka asubui.

Wiki iliyopita wenye silaha walifika. "Roboti iko wapi?" Nikazima motere. Mama Mukashema, na unga mupaka kwenye nyusi, akawajibu: "Roboti gani? Hapa tunasaga. Mukiwa na mahindi, mupange mustari."

Mukubwa yao akapiga motere teke, akaumia kidole. Akaangalia wale wamama, karibu makumi mbili. Hakuna aliyesogea. Wakaenda.

Wakapotea nyuma ya kilima. Halafu Mama Mukashema akanigeukia: "Papa, uwashe basi. Nyumbani wanangojea bugali."

Nikawasha.

Papa yako