Mganga Niliyemtoa Kwenye Hadithi

Ijumaa jioni, Kimara.

Mvua ya leo ni ile ya rasharasha, inayokulowesha taratibu mpaka unafika nyumbani hujui ulilowa saa ngapi. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa tope. Sina nguvu ya kuviosha. Chai nimeichemsha, nimeisahau, imepoa.

Nimechoka, lakini si uchovu wa kusimama ubaoni. Huo nimeuzoea.

Nafundisha darasa la tano, na mwaka wa tatu huu naandika hadithi ya mtoto wa kike anayeitwa Tunu. Ana miaka kumi na moja. Akiimba kwa kufumba mdomo, vilivyofungwa vinafunguka: makufuli, mageti, hata vinywa vya watu wenye siri mbaya. Naiandika kwenye madaftari ya shule, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho nawasomea wanafunzi wangu sura moja. Watoto themanini na mmoja wanakaa kimya bila kutishiwa fimbo.

Kuzipa jina nguvu za Tunu kulinisumbua tangu mwanzo. Nikiandika uchawi, msomaji anaona fisi na ungo. Mazingaombwe ni ya wale jamaa wa kutoa njiwa kwenye kofia. Muujiza ni wa Mungu. Basi nikaandika "nguvu" tu, nikaendelea. Ila nguvu lazima zitoke mahali, watoto waliniuliza sana hilo. Ijumaa iliyopita, nikiwa hoi kama leo, nikachukua njia rahisi. Nikampeleka Tunu kwenye msitu wa Pugu, kwa mganga, akapewa nguvu zake ndani ya kichupa.

Leo asubuhi Mwalimu Mkuu akaniita ofisini.

Nilimkuta mama mmoja kijana, kanga imelowa mabegani. Mama Kabula. Binti yake alihamia kwetu mwanzoni mwa mwaka huu, wametokea Kanda ya Ziwa. Kabula ana ualbino. Ni mpole, hanyooshi mkono. Nilimkalisha dawati la nyuma kabisa, mbali na madirisha, ili mwanga usimuumize macho.

"Shikamoo mwalimu," mama yake akasema. "Mie sijaja kugombana."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mwanangu juzi kaniomba nimpeleke Pugu. Nikamuuliza, Pugu kuna nini? Akaniambia kuna mganga anawapa wasichana nguvu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Unajua sie kule tuliondoka kwa nini? Mganga alimwambia mtu kwamba mkono wa mwanangu utamletea utajiri. Kabula alikuwa na miaka sita. Tuliondoka na nguo tulizovaa, na tangu hapo tumehama mara tatu. Leo mtoto huyohuyo anataka kumfuata mganga kwa miguu yake mwenyewe."



Mie nimekulia Mwananyamala. Mganga wa utoto wangu alikuwaga mzee wa mtaa wa pili, anatupa mizizi ya kuchemsha tukiumwa tumbo. Ndiye niliyemuweka kwenye hadithi, na miwani yake na kikohozi chake. Sikuwaza kabisa kwamba kuna mtoto darasani kwangu ambaye akilisikia neno hilo, mama yake hapati usingizi.

Mwalimu Mkuu akasema suala ni jepesi: hadithi isimame, Ijumaa watoto wafanye hesabu. Naandika hili kwa aibu, lakini ndiyo kweli yenyewe. Nilisikia nafuu. Nikajiona Ijumaa nimekaa, simtungii mtu chochote.

Mama Kabula ndiye aliyekataa.

"Hapana, mwalimu. Isisimame. Huyu mtoto hajawahi kunisimulia kitu cha shule, shule yoyote ile. Hiyo hadithi kanisimulia mpaka uji ukaungua jikoni." Akanigeukia. "Ila huyo mganga. Mtoe."

Kipindi cha mwisho nikasimama mbele na daftari langu. Nikawaambia watoto kwamba sura ya wiki iliyopita niliikosea, nimeifuta. Nikawaambia pia kwamba mtu mzima yeyote anayemwita mtoto msituni ili ampe nguvu, huyo ni wa kumkimbia na kwenda kumsemea kwa mzazi au mwalimu. Walishangaa. Hawajazoea mwalimu kusema amekosea.

Nikawauliza, sasa Tunu nguvu zake kazipata wapi?

Ikawa kelele. Kwa bibi yake. Kwa Mungu. Kwenye simu. Mmoja akasema alikula pilipili akiwa mdogo. Tulikuwa bado tunabishana kengele ikagongwa.

Wenzake walipotoka, Kabula akabaki.

"Mwalimu, mama kakugombeza?"

"Hapana, mwanangu. Nilikosea mwenyewe." Nikakaa kwenye dawati la jirani. "Wewe ulitaka yule mganga akupe nguvu za nini?"

Nilidhani najua jibu. Nilidhani atataja ngozi yake, na nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumwambia kwamba yuko sawa hivyo alivyo.

"Za kuona ubao," akasema.

Mwaka mzima.

Mwaka mzima kakaa pale nyuma nilipomuweka mie, kwa nia njema, akisikia chaki inagonga na kuandika kile anachodhani nimeandika. Na daftari lake la hesabu nimeliandikia "ongeza bidii" kwa wino mwekundu, sijui mara ngapi.

Tukalisukuma dawati lake, yeye upande huu na mie upande ule, mpaka mbele kabisa. Dirisha la karibu nikaliziba kwa ramani ya Tanzania. Nikaandika hesabu ubaoni kwa mwandiko wangu wa siku zote. Akakunja uso, akasoma tarakimu mbili za mwanzo, akakwama. Nikafuta. Nikaandika tena, kubwa, kila tarakimu kama kiganja changu.

Akatoa jibu kabla sijageuka.

Nikaandika nyingine, ngumu zaidi. Akatoa jibu. Hakutabasamu wala nini, alikuwa anangojea ya tatu.

Nimemwandikia mama yake barua ampeleke kliniki ya macho, na nimemuahidi kwenda nao. Hadithi ya Tunu ina shimo katikati na wiki hii sitalijaza. Nimefungua daftari jioni hii, nimelitazama, nimelifunga.

Ninachokiona kichwani ni yale madawati mengine ya nyuma. Nani mwingine amekaa kule ananisikiliza tu? Jumatatu, kabla sijashika chaki, nitapita kwa kila mmoja na kumuuliza anaona nini.