Mtani Aliyelala Kaburini mwa Babu

Ipuli, Tabora
18 Agosti 1957

Mpendwa Baba Mkubwa Kasimiri,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe, wewe na mama mkubwa, na kwamba kile kifua kimekuachia. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya watu waliotoka msibani. Bibi ameanza kula, na jana alimgombeza mdogo wangu Marcelina kwa kuunguza mboga. Nikajua anarudi.

Simu yako ya maandishi ya rambirambi tuliipata. Kutoka huko mkongeni hadi hapa si mchezo, na kifo hakingoji mtu. Sasa nikueleze maziko yalivyokwenda, maana yamegusa masomo yangu na yananingojesha neno lako.

Unajua niko mwaka wa mwisho Makerere, na sharti niandike tasnifu, yaani insha ndefu ya utafiti wangu mwenyewe. Mwalimu anayenisimamia, Bwana Hartley, alitaka niandike juu ya vituo vya njia ya misafara kwa kusoma karatasi za serikali. Mimi nilitaka utani: kwa nini sisi Wanyamwezi na Wagogo tunatukanana na kuzikana ilhali kwetu na kwao ni mbali hivi. Nilimwambia utani huo ulizaliwa njiani, babu zetu walipopita Ugogo na mizigo mabegani. Akaniuliza ushahidi uko wapi.

Tukapatana ateremke hapa akiwa safarini kwenda Kigoma, tukate shauri. Siku aliyofika ndiyo siku tuliyomzika babu. Akaja mazikoni kwa heshima zake zote, na suti nyeusi kwenye jua hili la Tabora.

Mzee Silasi, yule Mgogo wa reli, unamkumbuka. Jeneza lilipofika, akaruka shimoni, akajilaza chali, akafumba macho.

“Huyu hapiti!” akapaza sauti. “Ujana wake wote kanywa maji ya visima vyetu akipita na mizigo yake ya pembe. Leo atoe hongo kwanza!”

Ni hongo ileile waliyotozwa wapagazi ili wapite Ugogo. Padre akafunga kitabu chake akangoja, maana keshazoea.

Bwana Hartley hakuzoea. Alidhani ni mlevi. Kufumba na kufumbua ameinama, amemshika Silasi mkono, anamvuta. Watu wakaguna. Mtani akifukuzwa kaburini, nani tena atalifukia? Nilimwona babu upande mmoja na tasnifu yangu upande mwingine, kwani Bwana Hartley ndiye atakayesema nimefaulu au nimeshindwa. Kisha nikamshika mwalimu wangu bega mbele ya wote, nikamwambia, “Bwana, mwachie. Huyu yuko kazini. Wewe ndiye unayetuharibia.”

Akamwachia. Silasi hata macho hakufumbua. Akasema mzungu naye keshakanyaga nchi ya Wagogo, basi atoe hongo yake. Hapo bibi, ambaye tangu kifo hakuwa ametoa chozi wala sauti, akacheka. Akacheka mpaka akalia, akalia kweli, na akina mama wakampokea. Tukatoa kaniki na jogoo. Bwana Hartley akavua kofia yake akaikabidhi. Silasi akatoka, akashika jembe, akafukia mpaka mwisho.

Kesho yake, tukingoja gari la moshi, Bwana Hartley aliniambia kwamba amelisoma neno hongo mara nyingi katika karatasi zake, wala hakujua kuna mtu anayeidai bado. Tukapanga upya kazi yote. Nianzie Tura, nishuke Ugogo hadi pwani, niulize kila mahali nani humzika nani. Ila anataka sura ya kwanza iwe kaburi la babu.

Hapo ndipo nilipokwama. Shangazi Veneranda hataki kabisa; anasema msiba wetu si somo la watu. Sijui kama amekosea. Wasiotujua watasoma bibi alivyocheka kando ya jeneza la mumewe, na wataelewa nini? Bibi mwenyewe anasema nikuulize wewe, kwa kuwa ndiwe mwenye mji sasa.

Tena kuna hili. Silasi alikutaja palepale kaburini. Alisema mwana mkubwa kajificha kwenye mkonge kwa kuogopa kulipa hongo ya baba yake. Nikiandika, nalo litaandikwa. Ukikataa, nitarudi kwenye vituo na karatasi za serikali, wala sitanuna. Lakini nakuomba usikatae kwa aibu ya kutokuwepo. Kabla ya maziko wapo waliokusema kwa kunong’ona, sikufichi. Silasi alipokusema waziwazi tulicheka sote, na tangu saa ile sijamsikia mtu akikulaumu. Njoo nyumbani wakati wowote, baba.

Bibi anakusalimu sana, na shangazi pia, pamoja na ubishi wake. Marcelina anamsalimu mama mkubwa. Mungu awape afya na usingizi mtulivu, na amlaze babu pema.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Damas