Simu Niliyomuuzia Mshenga

Chamazi, Dar es Salaam

Ndugu yangu Zaina,

Kabla sijakuuliza hali yako, nikuombe radhi. Tangu mwezi wa mfungo sijakuandikia wala kukupigia, na bila shaka umekwisha kuwaambia majirani kwamba kaka yako amemezwa na Dar es Salaam. Sikumezwa. Nilikuwa naona haya, na sababu yake utaisoma. Goti lako linaendeleaje? Alizeti mmevuna? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wetu Rehema bado anauza katika duka la dawa, na mimi bado nagombana na mbuzi wa jirani.

Sasa nikiri. Ile simu kubwa uliyonipa ulipokuja kututembelea, nimeiuza. Usiikunje barua kwanza. Simu ile ilikuwa na akili kunishinda. Siku moja ilimpigia imamu yenyewe kutoka mfuko wa kanzu yangu, naye yuko juu ya mimbari. Nikaamua kununua kitochi, simu yenye vitufe vinavyoonekana, inayosubiri kuamrishwa.

Wakati huohuo Rehema alikuwa ameposwa. Kijana anaitwa Idrisa, anauza vipuri vya pikipiki, na katika tabia yake sikuona kasoro. Mshenga wao ni mjomba wake, Mzee Mbwana, mtu wa hapahapa pwani, mcheshi, anayejua kula. Siku alipoleta barua ya posa aliiona simu mezani akaisifu mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata nikamuuzia.

Unanijua, Zaina, sikabidhi kitu kichafu. Niliisafisha simu kwa siku mbili. Nilifuta picha moja baada ya moja, nikaipangusa kwa spiriti mpaka kwenye tundu za sauti, nikatoa laini. Laini yenyewe, ndogo kama ukucha, ikaniponyoka ikaingia kwenye karo. Nikasajili nyingine. Nilidhani nimemaliza. Sikujua kwamba ndani ya simu mlikuwa na kufuli, na kwamba kufuli hilo lina jina lako.

Mzee Mbwana aliipeleka dukani ifutwe yote ianze upya. Ilipowaka, ikagoma. Siku ya tatu nikaitwa kwao. Barazani nikawakuta Mzee Mbwana, dada yake Bi Tatu, na Idrisa aliyekuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

“Mwalimu,” akasema Mzee Mbwana, “simu imenikataa.”

“Imekukataa vipi?”

“Inasema ina mwenyewe.”

“Mwenyewe ni wewe. Nimekuuzia.”

“Inasema si mie. Inamtaka mtu wa herufi Z, halafu vidoti vidoti. Wewe si Ramadhani?”

“Ni Ramadhani.”

“Sasa huyu Z ni nani? Mbona kwenye posa hatukumwona?”

Nikajibu kwamba ni dada yangu Zaina, muuguzi mstaafu, yuko Kondoa, na simu alinipa yeye.

Bi Tatu akapiga makofi akacheka. “Heee! Wanaume wote wakishikwa, ni dada!”

“Basi mpigie sasa hivi,” akasema Mzee Mbwana. “Atueleze mwenyewe, yaishe.”

Zaina, hapo ndipo niliponaswa. “Namba yake,” nikasema, “imo ndani ya simu hiyo.”

Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Rehema naye ana namba yako ya zamani tu, ile isiyopatikana. Miaka thelathini na nne nimewafundisha watoto kuhifadhi mambo kichwani, na namba ya ndugu yangu pekee aliyebaki sikuihifadhi.

Nilipotoka, Idrisa alinifuata na ile simu mkononi, akanipeleka kwa fundi simu mmoja huko Mbagala. Fundi, kijana mdogo, akaigeuza simu mara moja tu.

“Shikamoo babu. Tunaitoa loki, hamna shida. Ila tuambiane ukweli, ulimpiga nani?”

“Sijampiga mtu.”

“Babu, sie hatuulizi sana. Wazee wenye mvi tunawapunguzia bei.”

Nilimwambia kwamba kufuli liliwekwa kwa ajili ya wezi, na nikilivunja nitakuwa nimejitia mwenyewe katika kundi lao. Nilisema mengi. Nadhani nilisema kwa muda mrefu, kwa sababu Idrisa alikwenda kununua maji akarudi. Fundi akanirudishia simu kwa mikono miwili, akasema, “Babu, we nenda tu. Wateja wanaogopa.”

Jumapili Mzee Mbwana akaja kwetu, safari hii bila ucheshi. Akasema wazee wamekaa. Hawamtuhumu mtu, lakini posa isimame kwanza. Nyumba ambayo simu yake haijulikani ni ya nani, wanahitaji kuitazama vizuri.

Nikammiminia chai. Sikukasirika, Zaina. Niliona kwamba uvivu wangu wa kuuliza swali moja, “hii simu inaachwaje?”, unamnyima mtoto huyu nyumba yake. Tangu mama yake afariki nimemlea kwa kumkaripia, na sasa mwenye kukaripiwa nilikuwa mimi.

Rehema alikuwa jikoni. Akatoka na kitambaa begani, akapiga goti, akamwamkia.

“Mjomba, samahani. Barua ya posa ipo wapi?”

“Ipo kwenu, mwanangu.”

“Tumeijibu?”

“Bado.”

“Sasa mnasimamisha nini? Si nyie ndio mnaongoja jibu? Mie nilikuwa nishamwambia babu aandike ndiyo. Ila kama mke anaachwa kwa ajili ya simu, ni afadhali nimejua kabla sijapika pilau lenu. Nipeni muda nifikiri.”

Mzee Mbwana aliitazama chai yake. Hakuinywa. Mtoto kusema hivyo mbele ya wakubwa ningemkemea siku nyingine yoyote. Siku ile nilimsogezea kiti.

Tangu hapo Idrisa anakuja kila jioni, anakaa kibarazani kama mgonjwa anayesubiri majibu. Yeye ndiye aliyenieleza la kufanya, nami nakuomba ulifanye. Kufuli ni akaunti yako iliyobaki humo: ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu uliyo nayo, tafuta orodha ya vifaa vyako, chagua ile simu ya zamani, bonyeza palipoandikwa “ondoa”. Neno lako la siri usimtajie mtu yeyote, hata mimi. Posa ikiwepo au isiwepo, Mzee Mbwana alinunua simu, si kioo cha kujitazamia. Namba yangu mpya iko nyuma ya bahasha.

Nisalimie shemeji, na mtoto wa marehemu kaka anayekuchungia ng’ombe, na Mama Mkubwa, ambaye tafadhali usimsomee habari za Bi Tatu.

Ndiyo ya Rehema nilikuwa nimekwisha kuiandika kwa mkono wangu. Jana aliichukua mezani, akaifungia katika sanduku lake, na ufunguo anao yeye. Atakapoamua, kwa njia yoyote ile, wa kwanza kuandikiwa ni wewe.

Kaka yako akupendaye,
Ramadhani